Jinsi ya kuthibitisha kwa mkono wako kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa

Chukua namba hii: 2,147,483,647. Nikikuambia ni namba tasa, kwamba hakuna namba inayoigawa bila baki isipokuwa 1 na yenyewe, utanikubalia kwa sababu gani? Kompyuta itakujibu kufumba na kufumbua, lakini jibu la kompyuta unalipokea tu, hulioni likitokea. Mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu yamezimika kabisa, aliandika katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli kwamba ameipima namba hii na kuikuta tasa. Hakuwa na mashine. Alikuwa na njia ya kuipunguza kazi, na ukiifuata hatua kwa hatua utakuta haidai zaidi ya kugawanya, kuzidisha na subira.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu wanafunzi wengi wanafundishwa namba tasa kama orodha ya kukariri, 2, 3, 5, 7, 11, basi. Wanamaliza shule bila kuona kwamba namba yenye tarakimu kumi inaweza kukamatwa na mtu mmoja mwenye daftari, jioni moja.

Utahitaji daftari, kalamu, na kikokotoo kinachobeba tarakimu kumi au zaidi. Kile cha dukani chenye nafasi 12 kinatosha, cha simu pia. Mtu mwenye kompyuta atapata njia ya mkato katika hatua ya saba, lakini namsihi afanye hatua tano za mwanzo kwa kalamu.

Hatua ya 1: Ijenge namba yenyewe

Usiinakili kutoka hapa. Anza na 1 na uizidishe kwa 2 mara kumi mpaka ufike 2¹⁰, ambayo ni 1,024. Zidisha 1,024 kwa yenyewe upate 2²⁰ = 1,048,576. Hiyo nayo zidisha kwa 1,024, upate 2³⁰ = 1,073,741,824. Mara mbili yake ni 2³¹ = 2,147,483,648. Sasa toa 1.

Kwa hiyo namba yetu ni 2³¹ − 1. Ukiiandika kwa mfumo wa namba mbili, ule wa 0 na 1 tu, ni tarakimu 1 zilizopangwa 31 mfululizo, hakuna sifuri hata moja. Ndiyo maana mafundi wa kompyuta wanaijua hata kama hawajawahi kusikia habari za Euler. Mahali palipotengwa biti 32 (nafasi za 0 au 1) kwa namba moja, biti moja ikashika alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31, na zikijaa zote namba ni hii hii. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 itafika hapo Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata haina pa kuandikwa.

Kabla ya kuendelea, tazama ile 31 juu ya 2. Nayo ni tasa, na si kwa bahati. Kama kipeo kinagawanyika, namba nzima inagawanyika. 2¹⁵ − 1 kwa mfano: 15 ni 3 × 5, basi 32,767 lazima igawanyike kwa 2³ − 1 = 7 na kwa 2⁵ − 1 = 31. Jaribu, utaona. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 = 2,047 ni 23 × 89. Hapa ndipo walipojikwaa watu wengi wenye akili, na tutawafikia.

Hatua ya 2: Weka mpaka wa juu

Kama namba inagawanyika, imeundwa na namba mbili zilizozidishwa, na mojawapo haiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili. Zidisha 46,340 kwa yenyewe: 2,147,395,600, imepungua kidogo. Zidisha 46,341 kwa yenyewe: 2,147,488,281, imezidi. Basi mpaka ni 46,340. Kama hakuna namba tasa chini ya hapo inayoigawa namba yetu, hakuna nyingine popote.

Namba tasa zilizo chini ya 46,340 ni karibu 4,800. Ukigawa moja kila dakika, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya siku tatu na zaidi. Tunahitaji chujio.

Hatua ya 3: Chujio la kwanza, linaloacha moja kati ya thelathini

Tafadhali usiiruke hatua hii, maana ndiyo moyo wa jambo lote.

Chagua namba tasa yoyote witiri, tuseme 23. Anza na 1, zidisha kwa 2, na kila ukizidi 23 chukua baki tu. Utapata 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, kisha 1 tena. Umezunguka na kurudi nyumbani kwa hatua 11. Mwanahisabati Fermat alieleza mwaka 1640 kwamba kwa namba tasa q yoyote witiri, baada ya hatua q − 1 lazima uwe umerudi kwenye 1. Kwa 23 hizo ni hatua 22, na kweli 22 ni mizunguko miwili ya 11. Urefu wa mzunguko daima unaigawa q − 1 bila baki.

Sasa tuseme kuna namba tasa q inayoigawa 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa q inabaki 1, yaani baada ya hatua 31 umerudi nyumbani. Mzunguko wake basi ni 31, au ni namba inayoigawa 31. Lakini 31 ni tasa, na mzunguko wa hatua moja hauwezekani, kwa sababu 2 si 1. Mzunguko ni 31 kamili. Na kwa kuwa mzunguko unaigawa q − 1, basi q − 1 ni kigawe cha 31. Tena q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa, na lazima iwe kigawe cha 62.

Kwa maneno mengine, kigawo chochote tasa cha namba yetu, kama kipo, kinazidi kigawe cha 62 kwa 1. Usijisumbue na 3, 5, 7 wala 11. Haziwezi.

Hatua ya 4: Chujio la pili

Kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Na 2³² ni 2¹⁶ iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo kwa q tunayoitafuta, ipo namba ambayo mraba wake unabakiza 2. Si namba tasa zote zenye sifa hiyo. Jaribu mwenyewe: kwa 7, chukua 3 × 3 = 9, inabaki 2. Kwa 17, chukua 6 × 6 = 36, inabaki 2. Kwa 23, 5 × 5 = 25. Kwa 31, 8 × 8 = 64. Kisha tafuta kwa 5, kwa 11, kwa 13, utahangaika bure. Kanuni ni kwamba namba tasa witiri yenye sifa hii, ukiigawa kwa 8, inabakiza 1 au 7. Uthibitisho wake unahitaji somo lake lenyewe, ila ukifanya majaribio kumi na tano hivi utauona mpangilio kwa macho.

Unganisha machujio yote mawili. Namba inayobakiza 1 ikigawanywa kwa 31, na 1 au 7 ikigawanywa kwa 8, inabakiza 1 au 63 ikigawanywa kwa 248, kwa sababu 31 × 8 = 248. Hizo ndizo njia mbili tu zilizobaki:

248k + 1, yaani 249, 497, 745, 993, 1,241, 1,489 na kuendelea;
248k + 63, yaani 311, 559, 807, 1,055, 1,303 na kuendelea.

Hadi 46,340 kila njia ina namba 186, jumla 372. (63 yenyewe nimeiacha kwa kuwa si tasa.) Euler aliandika kwamba alizichunguza namba zote tasa za namna hizi mbili mpaka 46,339, na hakuna hata moja iliyogawa.

Hatua ya 5: Kipimo cha 65,536

Ungeweza sasa kuigawa 2,147,483,647 kwa kila moja, lakini kuna njia nyepesi zaidi, na ndiyo ninayoipenda. 2¹⁶ ni 65,536. Kwa kila q fanya hivi: gawa 65,536 kwa q, chukua baki, zidisha baki kwa lenyewe, gawa tena kwa q, chukua baki. Kama q ni kigawo cha namba yetu, baki la mwisho lazima liwe 2. Likiwa kitu kingine chochote, q imetolewa mashakani.

Anza na 311. 65,536 ukigawa kwa 311 inabaki 226. Unaruhusiwa kusema imepungua 85 kufika kigawe kinachofuata, na kwa kuwa tutazidisha kwa yenyewe, upungufu na baki ni sawa. 85 × 85 = 7,225. Ukigawa kwa 311 inabaki 72. Si 2, basi 311 haigawi.

Njoo kwa 1,303. Baki la 65,536 ni 386. Mraba wake ni 148,996, unaobakiza 454. Haigawi.

1,489 ni tamu zaidi: 1,489 × 44 = 65,516, inabaki 20 tu. 20 × 20 = 400. Umemaliza bila hata kugawa mara ya pili.

Ukifika juu ya 32,768 mambo yanakuwa rahisi, maana mgawanyo wa kwanza unageuka kuwa kutoa tu. Kwa 45,943, ambayo ni tasa na iko karibu na mwisho wa orodha, 65,536 − 45,943 = 19,593. Mraba wake ni 383,885,649, na ukigawa kwa 45,943 inabaki 31,884. Imetoka.

Hatua ya 6: Pima kipimo chako kwenye namba ndogo

Usikiamini kipimo kabla hujakiona kikikamata mhalifu. Na wahalifu wapo, wanajulikana. Pietro Cataldi, mwanahisabati wa Bologna, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1603 alizigawa 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 kwa kila namba tasa hadi mpaka wake wa juu, akazikuta tasa, na alikuwa sahihi. Kisha akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kati ya hivyo vinne, kimoja tu ndicho cha kweli, nacho ni 31 yetu.

Kwa kipeo p chochote tasa na witiri, badala ya 2¹⁶ tumia 2 yenye kipeo cha nusu ya p + 1. Kwa 23 ni 2¹² = 4,096. Gawa kwa 47: inabaki 7. 7 × 7 = 49, na 49 ukigawa kwa 47 inabaki 2. Kengele imelia. 47 inaigawa 2²³ − 1.

Kwa 29 ni 2¹⁵ = 32,768. Gawa kwa 233: imepungua 85 kufika kigawe kinachofuata. 85 × 85 = 7,225, na 233 × 31 = 7,223. Inabaki 2. Kwamba 2²⁹ − 1 si tasa, alionyesha Euler mwenyewe.

Kwa 37 ni 2¹⁹ = 524,288. Gawa kwa 223, inabaki 15. 225 toa 223, inabaki 2. Kigawo hiki na kile cha 47 aliviona Fermat mwaka 1640.

Mara ya kwanza kuzifanya hesabu hizi tatu mfululizo, zile 2 zikitokea moja baada ya nyingine, niliweka kalamu chini. Makosa yaliyokaa vitabuni kwa miaka yanaonekana kwa mistari miwili ya daftari.

Sasa fanya upande wa pili, namba iliyo tasa kweli, kwa ukamilifu. 2¹⁷ − 1 ni 131,071. Mpaka ni 362, na chini yake kuna namba tasa 72. Machujio yetu yanasema kigawo lazima kizidi kigawe cha 34 kwa 1, na kibakize 1 au 7 kwa 8, yaani kibakize 1 au 103 kwa 136. Chini ya 362 zinazofaa ni 103, 137, 239 na 273, na 273 ni 3 × 91, itupe. Zimebaki tatu. Chombo chetu ni 2⁹ = 512. Kwa 103 imepungua 3, mraba 9. Kwa 137 imepungua 36, mraba 1,296, inabaki 63. Kwa 239 inabaki 34, mraba 1,156, inabaki 200. Hakuna 2. Basi 131,071 ni tasa, na umethibitisha kwa hesabu tatu.

Fanya mwenyewe 2¹⁹ − 1 = 524,287. Zitabaki 191, 457 na 647, na chombo ni 1,024. Mabaki yako ya mwisho yanapaswa kuwa 177, 218 na 436. Yakitofautiana, rudi nyuma kabla hujaigusa namba kubwa.

Hatua ya 7: Tembeza orodha yote

Chora safu mbili kwenye daftari, moja ya 248k + 1 na nyingine ya 248k + 63, kila moja na mistari 186. Kisha futa zisizo tasa. Huhitaji kuzipima moja moja. Katika kila safu, ukishaona moja inayogawanyika kwa 3, basi kila ya tatu baada ya hapo inagawanyika kwa 3. Ukiona inayogawanyika kwa 5, kila ya tano. Kwa 7, kila ya saba. Safu ya kwanza inaanza na 249, ambayo ni 3 × 83, basi futa 249, 993, 1,737 na kuendelea. Kwa 5 futa 745, 1,985 na kuendelea.

Katika namba 22 za kwanza, mpaka 2,791, zinapona sita tu: 311, 1,303, 1,489, 2,543, 2,729 na 2,791. Tatu umeshaziona. Kwa zilizobaki, majibu ya kujikagua ni 505 kwa 2,543, 1,600 kwa 2,729, na 663 kwa 2,791. Mpaka mwisho wa orodha zitabaki takriban themanini.

Usijitese kuzichuja mpaka zote ziwe safi. Ukiisahau moja isiyo tasa, hasara yake ni kuipima bure, uthibitisho hauharibiki. Kosa la hatari ni kuifuta iliyo tasa. Kwa hiyo ukiwa na shaka, iache ibaki.

Mwenye kompyuta afungue programu ya jedwali. Katika kisanduku A1 aandike 249, A2 aandike 311, A3 aandike =A1+248, kisha aivute A3 mpaka mstari wa 372. Namba ya mwisho lazima iwe 46,191. Katika B1 aandike =MOD(MOD(65536,A1)^2,A1) na kuivuta mpaka chini. Baadhi ya mipangilio ya kompyuta inadai nuktamkato badala ya mkato. Sasa atafute 2 kwenye safu ya B. Haipo. Hapo uthibitisho umekamilika, na kila kisanduku ni hesabu ambayo unaweza kuirudia kwa kalamu.

Hatua ya 8: Kagua kwa njia ya pili, bila kugawa kwa kitu chochote

Njia ya Euler ina kikomo. 2¹²⁷ − 1 ina tarakimu 39, na orodha ya kuchuja ingekuwa ndefu kuliko maisha ya mtu. Lakini Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1876, kwa kalamu, kwa kipimo cha aina nyingine kabisa ambacho D. H. Lehmer alikinyoosha baadaye.

Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ukigawa kwa 2ᵖ − 1. Rudia mara p − 2. Ukiishia na sifuri, namba ni tasa. Usipoishia na sifuri, si tasa. Hakuna kati.

Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, unarudia mara tatu: 4, kisha 14, kisha 194 inayobakiza 8, kisha 64 − 2 = 62, inayobakiza 0. Kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Kwa 2,047 tunayoijua si tasa: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Haikufika sifuri, na hatukugusa 23 wala 89. Kipimo kinasema namba inagawanyika bila kukuonyesha inagawanyika kwa namba gani. Hilo linanishangaza mpaka leo.

Kuna wepesi mmoja katika kuchukua mabaki. Ukigawa kwa 2ᵖ − 1, gawa kwa 2ᵖ badala yake, kisha jumlisha jibu na baki. 194 kwa 127: gawa kwa 128, jibu 1 baki 66, jumla 67. Ni kama kukunja kanga. Kilichozidi ukingoni kinarudishwa juu ya kitambaa kile kile.

Kwa namba yetu utarudia mara 29. Unaanza 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954, na kuanzia hapo miraba inafika tarakimu 19. Kikokotoo cha dukani kitashindwa, kwa hiyo zidisha kwa mafungu au tumia kompyuta. Kipimo hiki hiki ndicho kilichothibitisha 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 mwezi Oktoba 2024, namba yenye tarakimu 41,024,320, iliyopatikana na Luke Durant katika GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa za aina hii ambao George Woltman aliuanzisha mwaka 1996. Mpaka ninapoandika ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote ninazozijua.

Ukishaithibitisha, itumie

Zidisha 2³¹ − 1 kwa 2³⁰. Utapata 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba kamilifu, yaani ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, unaipata yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Ni ya nane katika orodha inayoanza na 6, 28, 496, 8,128. Mwaka 1811 Peter Barlow, Mwingereza, aliandika kwamba hii ndiyo itakayobaki kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabisha tu bila faida na hakuna atakayehangaika kutafuta nyingine. Alikosea mara mbili. Zimepatikana nyingine nyingi, na faida ipo.

Angalia jirani wa chini wa namba yetu, 2,147,483,646. Yeye anavunjika vipande vidogo: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Fermat anasema kila mzunguko lazima uigawe namba hiyo. Mzunguko wa 2 ni mfupi, hatua 31 tu, kama tulivyoona. Mzunguko wa 7 ni kinyume chake: unapita kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, bila kurudia hata moja, ndipo unarudi nyumbani. 7⁵, ambayo ni 16,807, inafanya vivyo hivyo. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza iwe kipimo cha chini kabisa cha kuzalisha namba zinazoonekana za bahati nasibu kwenye kompyuta, na bado imo katika programu nyingi. Usiitumie kwa siri wala nywila, maana anayeona namba moja anaijua inayofuata. Kwa majaribio ya darasani na michezo inatosha.

Anza na 1. Zidisha kwa 16,807, chukua baki ukigawa kwa 2,147,483,647, rudia. Ya kwanza ni 16,807, ya pili 282,475,249, ya tatu 1,622,650,073. Hiyo ya tatu inapitia namba yenye tarakimu 13, kwa hiyo tumia kikokotoo cha simu, au kunja kama tulivyokunja kanga. Ukiandika programu yake, iache ikimbie mara 10,000 na usome ya mwisho. Ikiwa ni 1,043,618,065, programu yako iko sawa.